Kifaa cha digrii 80 cha mashine ya FTIR: ni kizuri, lakini kwa Dar nunua ukavu kwanza

Kifaa kinachokaguliwa hapa hupachikwa kwenye chumba cha sampuli cha mashine ya FTIR, yaani mashine inayopima jinsi sampuli inavyofyonza mwanga wa infraredi. Huupeleka mwale wa infraredi kwenye bamba la metali kwa pembe ya digrii 80 kutoka wima, mwale ukauparaza uso kisha ukarudi kwenye detekta. Kina vioo vichache, jukwaa la kulaza sampuli na nafasi ya polaraiza (kichujio kinachopitisha mwanga unaotetema upande mmoja tu), hakina injini. Kwa anayechunguza tando za molekuli zinazojipanga zenyewe juu ya dhahabu, ni vigumu kupata nyongeza nyingine ya FTIR inayompa habari nyingi hivi. Ila kwa maabara ya Dar es Salaam kifaa peke yake ni nusu ya manunuzi, na nusu ya pili, ukaushaji wa hewa, ndiyo inayosahaulika kwenye fomu ya maombi.

Pembe hiyo ina sababu. Mwanga ukigonga metali karibu wima, wimbi linaloingia na linaloakisiwa hufutana pale pale usoni, hivyo molekuli zilizokaa hapo hazipati mwanga wa kufyonza. Mwanafizikia Greenler alionyesha mwaka 1966 kwamba mwale ukilazwa sana, sehemu ya p ya mwanga (isiyotetema sambamba na bamba) hujumlishwa badala ya kufutana, na uga wake wa umeme husimama wima juu ya metali. Sehemu ya s, inayotetema sambamba na bamba, hufutana kwa pembe yoyote ile. Bila polaraiza, basi, karibu nusu ya mwanga unaofika kwenye detekta haubebi habari ya utando hata kidogo. Usikubali nukuu ya bei inayoiandika polaraiza kama kitu cha hiari. Chagua ya nyaya nyembamba juu ya zinki selenaidi, kwa sababu haiharibiwi na unyevu. Usiifute hata kwa karatasi ya lenzi: nyaya zikikwaruzwa imekwisha. Ipulizie naitrojeni tu.

Kuna jaribio moja la kufanya siku ya kwanza. Pima utando wako kwa p, kisha zungusha polaraiza digrii 90 upime kwa s. Vilele vya ufyonzaji kwenye grafu lazima vipotee. Vikibaki, unachokiona ni uchafu wa vioo au tofauti ya hewa kati ya vipimo viwili.

Jambo ambalo vipeperushi vya wauzaji hulipitia haraka ni ukubwa wa sampuli. Kwa digrii 80, alama ya mwale juu ya bamba hurefuka karibu mara 6: mwale wa milimita 6 unatanda karibu milimita 35. Kipande cha dhahabu cha sentimita moja kitapoteza mwanga mwingi, na kingo zake zitaleta mwanga uliotawanyika. Slaidi ya hadubini ya milimita 25 kwa 75, iliyopakwa kromi au titani ya nanomita chache na juu yake dhahabu ya nanomita 100 hadi 200, inatosha vizuri ikilazwa kwa urefu kufuata mwale.

Kwa jaribio la kuanzia tumia oktadekanithaioli, thaioli (molekuli yenye kichwa cha salfa kinachoshika dhahabu) ya mnyororo mrefu wa kaboni: miligramu 14 ndani ya mililita 50 za ethanoli kamili, ambayo ni karibu milimola 1 kwa lita. Spiriti ya dukani haifai. Safisha dhahabu kwa ozoni ya mwanga wa UV, suuza kwa ethanoli, tumbukiza kwa saa 18 hadi 24, suuza tena kwa ethanoli nyingi, kausha kwa naitrojeni. Wengi husafisha kwa mchanganyiko wa asidi ya salfuriki na hidrojeni paroksaidi. Mchanganyiko huo hulipuka ukikutana na asetoni au ethanoli iliyobaki kwenye chombo, na kazi hii haiuhitaji.

Kilele cha kutazama kwanza ni cha CH₂ karibu na 2918 sm⁻¹ (idadi ya mawimbi katika sentimita moja), na mwenzake 2850. Vikikaa hapo, minyororo imesimama imenyooka na kushikana. Cha kwanza kikipanda hadi 2924 au zaidi, minyororo imelegea na kujikunja: muda wa kutumbukiza ulikuwa mfupi, au dhahabu ilikuwa chafu. CH₃ ya kichwani huonekana karibu na 2964 na 2878. Urefu wa kilele cha 2918 ni sehemu chache tu kati ya elfu za kizio cha ufyonzaji. Ukipata mara kumi ya hapo usishangilie, kuna tabaka la grisi. Bamba la rejea, lile la kulinganishia, nalo lina mtego wake: dhahabu tupu hunasa haidrokaboni za hewani ndani ya dakika chache, na vilele vyako vikaonekana vidogo kuliko vilivyo. Rejea bora ni utando wa thaioli yenye dutiriamu (hidrojeni nzito) badala ya hidrojeni ya kawaida. Vilele vyake huangukia kati ya 2050 na 2250, mbali na eneo unalolisoma.

Sasa unyevu, na hapa ndipo pesa za Dar zinapaswa kwenda. Mvuke wa maji hutoa mistari mingi kati ya 1300 na 1900 sm⁻¹. Anayepima vilele vya CH (kaboni na hidrojeni) pekee anaweza kuvumilia, maana eneo la 2800 hadi 3000 lina mistari michache. Lakini weka thaioli yenye kichwa cha asidi ya kaboksili, na kilele chake cha C=O karibu na 1700 hadi 1740 kitazama humo, hasa wakati wa masika. Nunua kikausha hewa au laini ya naitrojeni pamoja na kifaa. Kompresa iwe isiyotumia mafuta, la sivyo utapulizia haidrokaboni juu ya dhahabu yako. Ukifungua kifuniko, subiri dakika 20 hadi 30 kabla ya kupima. Kama bajeti inaruhusu, ongeza kiti cha kuhamisha sampuli na rejea bila kufungua kifuniko.

Kigawa mwale cha potasiamu bromaidi kilicho ndani ya mashine ya FTIR nacho huyeyuka kwa unyevu. Acha mashine ikiwaka usiku na mchana ili ndani pabaki na joto, na weka UPS, maana umeme ukikatika mashine hupoa na kuvuta unyevu. Silika jeli ikibadilika rangi, ikaushe kwenye oveni ya nyuzi 110 hadi 120.

Detekta ya kawaida ya joto la chumba haitoshi kwa kazi ya kila siku. Inahitajika MCT (detekta ya zebaki, kadimi na teluri) inayopozwa kwa naitrojeni kimiminika, kwa hiyo hakikisha una anayeileta kwa ratiba kabla hujasaini. Chupa ya detekta ikipoteza ombwe, barafu hujijenga ndani na mlima mpana hutokea karibu na 3250, mkia wake ukashuka hadi kwenye CH.

Kifaa hiki kimekusudiwa metali. Juu ya silikoni kanuni ya uga kusimama wima haishiki, na ni afadhali kupitisha mwanga kwa pembe ya Brewster (ambapo mwanga wa p hauakisiwi), karibu digrii 74. Silane zenye klorini, zinazojenga tando juu ya silikoni, zitumiwe ndani ya mfuko wa naitrojeni, kwani kwa hewa ya Dar hushikana zenyewe kwenye myeyusho na kuacha chembe nyeupe.

Kuna vifaa vya pembe inayobadilika, digrii 30 hadi 80, vyenye bei kubwa zaidi. Kama kazi yako ni tando juu ya dhahabu au shaba, chukua cha digrii 80 na tofauti ya bei uitie kwenye kikausha hewa.