Muziki wa gari Mtwara: anza na milango ya mbele, sabufa baadae

Haya wadau, wakubwa shikamooni, wadogo mambo vipi. Tuko hapa Shangani, Mtwara mjini, upepo wa bahari unapiga kweli kwahiyo sauti ikikatikakatika mnivumilie. Leo tunaongelea kufunga muziki kwenye gari, maana msimu wa korosho ukishafunguka tu watu wa Masasi, Newala, Tandahimba wote swali moja, kaka nina IST au nina Noah nataka muziki mnene nianzie wapi, na ukimsikiliza vizuri unakuta ameshachagua sabufa ya inchi 12 kichwani kabla hajauliza.

Mi nasema anza na spika mbili za milango ya mbele. Hizo ndo muziki wenyewe. Sauti ya mwimbaji, gitaa, kinanda, ngoma ndogo za sindimba zile zinazokatika harakaharaka, vyote vinatoka pale, sabufa inashika kile kipande cha chini tu, kama kuanzia Hz 80 kushuka. Ukiweka sabufa kubwa juu ya spika zilizochoka utakuwa na gari linalotetemesha namba za nyuma halafu maneno ya wimbo husikii.

Sogeza kamera hapa kwenye boksi la spika. Mnaona wati 300, maandishi makubwa mekundu? Hiyo ni nguvu ya kufumba na kufumbua. Sasa geuza upande wa pili, maandishi madogo haya, RMS 50. Hiyo ndo namba yako, ndo wati ambazo spika inabeba muda wote ukiwa unatoka hapa mpaka Lindi bila kuungua. Boksi likiwa halina RMS popote, rudisha dukani, usibishane na muuzaji.

Na redio hivyohivyo. Redio karibu zote usoni zinaandikwa wati 50 mara 4, yaani 200. Haya, chungulia nyuma ya redio, fyuzi ni ya 10. Gari likiwa linawaka umeme ni kama volti 14, mara ampea 10, unapata wati 140, na hapo kuna nyingine inapotea kama joto ndo maana redio inakuwa ya moto ukiishika kwa nyuma. Sasa hizo 200 zinatoka wapi? Ukweli ni kama wati 15 mpaka 20 kwa kila spika, basi.

Kwahiyo kama hununui amplifaya, ile mashine ya kuongezea sauti nguvu, namba ya kuangalia kwenye spika sio wati, ni ile yenye dB. Inakwambia ukiipa wati moja inatoa sauti kiasi gani. Hii ya kushoto ni dB 90, hii ya kulia 93. Unaweza kuona tofauti ni tatu tu, ila tatu hizo maana yake ya kushoto inataka umeme mara mbili ili ifike sauti ileile! Kwa redio tupu chukua ya 93 bila kufikiria. Na iwe ohm 4, yaani kile kipimo cha ukinzani wa umeme kwenye spika, msikubali mtu awaunganishie spika mbili kwenye waya za spika moja, zinakuwa ohm 2 na redio nyingi hazijatengenezwa kwa hiyo kazi.

Sasa hapa ndo naomba mnisikilize sana watu wa pwani, kuanzia Kilwa, Lindi, Mikindani mpaka huku kwetu. Ndani ya mlango wa gari maji yanaingia kila mvua ikinyesha, yanapita kwenye kioo yanashuka yanatokea kwenye vitundu vya chini, ndivyo mlango ulivyotengenezwa. Ongeza unyevu wa chumvi. Spika ya karatasi tupu inanyonya unyevu inalegea, na ule ukingo wa sponji unaanza kumeguka. Nataka uso wa plastiki, ukingo wa mpira, bonyeza kwa kidole uone unavyorudi. Ile ringi ya kufungia spika fundi akikuletea ya MDF, zile mbao za unga wa mbao uliogandishwa, mwambie hapana, ikilowa inavimba, weka ya plastiki. Halafu bandika zile shiti nzito za kuzuia mtetemo kwenye bati la mlango na uzibe matundu makubwa, ila vitundu vya maji chini usiviguse. Nimesikiliza spika zilezile kabla na baada ya kubandika na nakwambia besi inaongezeka bila kununua kitu kingine.

Waya pia. Madukani kuna waya za amplifaya zinang'aa, nene, bei rahisi, ukikwangua uzi mmoja kwa wembe ndani ni mweupe, ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Inapitisha umeme kidogo kuliko shaba na hewa yetu hii inaila haraka kwenye maungio. Shaba ukikwangua inabaki nyekundu. Namba ya geji ikipungua waya unanenepa, 4 ni nene kuliko 8. Na fyuzi ikae karibu na betri, isizidi sentimita 45, ili waya ukikwaruzwa kwenye bodi ikatike fyuzi, gari lisishike moto. Hapa mi sina utani, fundi asiyeweka fyuzi mnyang'anye funguo.

Sabufa? Nunua, sikatazi, ila baada ya hayo yote. Kwa gari dogo inchi 10 kwenye boksi lililozibwa inatosha sana, besi inakuwa kavu, imenyooka, na inakuachia nafasi ya gunia buti. Boksi lenye tundu linapiga kwa nguvu zaidi ila linataka vipimo sahihi na ni kubwa.

Kuna aliyeuliza mbona gari limetoka Japani na redio haishiki stesheni nyingi. Kule FM inaanzia 76 na redio zao nyingi zinaishia 90, zetu zinaenda mpaka 108. Ukibadili redio umemaliza.

Ukifika kwa fundi kufungiwa amplifaya, ile nobu ya geini, inayolinganisha amplifaya na redio, sio volyumu. Mwambie afungue redio mpaka kama robo tatu, apandishe geini taratibu, ikianza kukwaruza arudishe nyuma kidogo aache hapo. Twita, zile spika ndogo za sauti kali za juu, zinaunguzwa na mkwaruzo huo. Na kama unasikia mlio unaopanda ukikanyaga mafuta, aanze na waya wa athi, ule unaofungwa kwenye bodi ya gari, akwangue rangi mpaka bati lionekane kabla ya kukaza bolti. Niandikieni hapo chini gari gani unayo na fyuzi ya redio inasoma ngapi, nitawajibu mmoja mmoja.