Obsidian: steji mpya za Doom zisizoisha

Kama Doom, ile gemu ya kupiga risasi mazombi na mashetani, umeicheza mpaka unajua kila zombi anakusubiri kona gani, pakua Obsidian. Ni programu ya bure inayojenga steji mpya za gemu hiyo kwa kubahatisha, na tangu niiweke kwenye kompyuta yangu hapa Sakina, Arusha, gemu ya mwaka 1993 imekuwa mpya kwangu. Chimbuko lake ni Oblige ya Andrew Apted. Wapenzi wa Doom waliipokea na kuiendeleza kwa jina hili.

Kuitumia ni rahisi. Unachagua idadi ya steji unazotaka, mandhari, wingi wa maadui, dawa na risasi, halafu unabonyeza kitufe cha kujenga. Mashine yangu ni ya mtumba, lakini steji moja haichukui muda. Ukiagiza zote 32 za Doom II, kachemshe chai kabisa. Linalotoka ni faili la WAD, yaani faili linalobeba steji za Doom, unalifungua kwa injini, programu ya kuchezea Doom, kama GZDoom. Asiye na nakala ya Doom II atumie Freedoom, gemu mbadala ambayo ni ya bure kihalali.

Nilichokipenda zaidi ni kwamba kubahatisha huku kuna akili. Ufunguo hauwekwi nyuma ya mlango unaoufungua. Kuna steji moja niliuona ufunguo wa bluu umekaa juu ya jukwaa, chumba kimetulia, hakuna adui hata mmoja. Nilipougusa tu, kuta mbili zikashuka nyuma yangu, maimpu, yale mashetani ya kahawia yanayorusha moto, wakamwagika. Nilipiga kelele hadi jirani akauliza kuna nini.

Halafu kuna ile namba. Kila ujenzi una namba yake, na mwenye toleo lile lile na mipangilio ile ile akiiandika, anapata steji zile zile. Mdogo wangu anasoma Moshi. Hatutumiani mafaili, namtumia namba kwa WhatsApp, anajenga kwake, tunacheza kitu kimoja. Usiku ananipigia: “Kaka, huo ufunguo mwekundu umeutoa wapi? Nimezunguka nimechoka.” Simwambii mpaka anibembeleze.

Nyota moja naikata, Obsidian naipa nne kati ya tano. Ukicheza sana unaanza kukutana na vyumba vinavyofanana, maana mashine inaunganisha vipande vilivyochongwa tayari. Tena haikufundishi kitu. Iangalie Hangar, steji ya kwanza ya Doom aliyoichora John Romero, mmoja wa waundaji wa gemu hiyo: ukianza tu, dirishani unaona uwanja wa nje na deraya ya bluu, na hujui unaufikiaje. Unaondoka nayo kichwani, unaanza kupapasa kuta hadi uipate njia ya siri. Mtu alikaa akakuwazia wewe utakayecheza. Hilo Obsidian hainipi, na ndiyo maana steji za Romero bado nazirudia.

Anayeanza aache maadui kwenye kiwango cha kawaida na aongeze risasi kidogo. Achague pia injini anayochezea kwenye mipangilio kabla ya kujenga, la sivyo steji inaweza kukataa kufunguka. Kwa kompyuta isiyo na nguvu, punguza ukubwa wa steji kwanza, maadui baadaye. Mimi kwa njia hiyo nacheza bila kukwama.