Grupu ya historia ya familia hapa Kisumu: nimekaa nao miezi sita, haya ndio maoni yangu

Tangu niweke picha ya mti wa familia yetu kwa status, watu hawajaacha kuniuliza nilifunzwa wapi na ni pesa ngapi, basi wacha niandike yote hapa mara moja. Ni grupu ndogo, tunakutana Jumamosi ya kwanza ya mwezi kwa ukumbi wa kanisa moja upande wa Milimani, saa nne asubuhi, kuingia ni mia mbili na hiyo mia mbili ina chai, mandazi na makaratasi wanayotoa fotokopi. Hakuna ada ya mwaka, hakuna kujisajili, unakuja unalipa unakaa. Nimeenda miezi sita nikikosa mara moja tu na nawapa nyota nne kwa tano, hiyo moja niliyobana nitawaeleza ni ya nini.

Kwanza mjue nilikuwa nimeshachomwa. Mwaka jana nililipa jamaa mmoja wa mtandaoni 3,500 anitafutie asili ya ukoo wetu, baada ya wiki mbili akanitumia karatasi ya rangi yenye ngao na majina kama ishirini yamepangwa moja kwa moja mpaka kwa Ramogi, yule babu wa Wajaluo wote, hakuna jina la mwanamke hata mmoja na hakuna mahali ameandika hayo majina ameyatoa wapi. Baba aliiangalia, akaikunja, akanirudishia bila kusema neno. Hiyo iliniuma sana. Kwa hivyo shemeji yangu aliponiambia kuna watu hapa mjini wanakufundisha ufanye hii kazi mwenyewe nilienda, lakini niliketi karibu na mlango.

Somo la kwanza ndilo lilinifanya nirudi. Mtoa mada ni mwalimu mstaafu wa historia, mama mpole sana, alianza kwa kutuambia ukimuuliza mzee alizaliwa mwaka gani umeshamaliza mazungumzo, kwa sababu kuandikisha watoto wakizaliwa kulifika Kenya nzima 1971, hao wa kabla ya hapo wengi wao mwaka ulio kwa kitambulisho ni wa kukadiriwa tu na karani aliyekuwa na laini ndefu mbele yake. Akabandika karatasi ya manila ukutani, ndefu kutoka dirisha hadi dirisha, akachora mstari. Reli kufika ziwani Desemba 1901, wakati huo hapa kunaitwa Port Florence. Vita vya 1914 mpaka 1918, vile vya wapagazi wa Kariako, yaani Carrier Corps, waliobebeshwa mizigo ya jeshi, ndio hata Kariokor ya Nairobi ikapata jina. Nzige wa 1931. Mafuriko ya 1961. Kuuawa kwa Tom Mboya, Julai 1969. Halafu akasema sasa msiulize mwaka, ulizeni alikuwa anafanya nini. Alikuwa anatambaa? Alikuwa anachunga mbuzi? Alikuwa ameolewa?

Kulikuwa na mama mmoja wa Kano ameshikilia kwamba mamake ni wa 1950 kwa sababu kitambulisho kinasema 1950. Mwalimu akamuuliza, mafuriko yalimkuta wapi? Yule mama akajibu bila hata kufikiria, eh, si yalimkuta kwa bwana wake, alikimbia maji na mtoto wa kwanza mgongoni, mpaka leo anasimulia vile godoro la sufi lilielea. Akanyamaza. Ukumbi mzima ukanyamaza pamoja naye. Mtoto wa miaka kumi na moja hawezi kuwa ameolewa na ana mtoto mgongoni. Akachukua penseli akaandika pale kwa manila, karibu 1943, na mkono ulikuwa unatetemeka kidogo.

Mimi mama yangu ni Mbukusu wa upande wa Webuye, na hapo nikaelewa kwa nini kuka, yaani babu, alikuwa hataji miaka, anataja rika. Wabukusu wana rika nane zinazozunguka, Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikeu, Nyange, Maina, Chuma, Sawa, halafu zinaanza upya, na tohara ni Agosti ya mwaka wa shufwa. Ukijua mzee ni wa rika gani umeshapata miaka yake kwa karibu, unachohitaji ni mjomba mwenye kumbukumbu na uvumilivu wa kumsikiliza mpaka amalize. Nilikuwa na hiyo hazina nyumbani na sikujua ni hazina.

Na majina pia. Nekesa ni wa mavuno, Wanjala ni wa njaa, upande wa baba Okech ni wa njaa, Akoth ni wa mvua. Mimi nikainua mkono nikasema dada yangu mdogo ni Akoth na alizaliwa Januari, jua kali, hakukuwa na tone, tumekuwa tukimtania nalo tangu utotoni. Mwalimu akaniambia, basi hakupewa kwa sababu ya mvua, alirithishwa, nenda uulize amerithi nani. Niliuliza. Shangazi aliyempa jina alishafariki na baba alisema tu walikuwa wanasikia ni la mtu wa zamani.

Sasa somo la pili, la nyaraka, hapo ndio nimetoa nusu nyota. Mgeni alikuja na projekta akasoma maandishi neno kwa neno karibu saa mbili, watu wakaanza kutoka nje kupokea simu. Lakini yaliyokuwa ndani ni ya maana sana na ningependa kila mtu wa huku ayajue. Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka iko Nairobi, Moi Avenue, na sheria iliyoianzisha ni ya 1965, ila ina ofisi zake huku pia, Kisumu, Kakamega, Nakuru, na faili nyingi za serikali zinafunguliwa zikifikisha miaka 30. Ukienda usiombe faili la "familia ya fulani" kwa sababu halipo, unaomba ripoti za mwaka za DC, mkuu wa wilaya yenu wakati wa mkoloni, na hiyo wilaya lazima uijue kwa jina la wakati huo. Huku kuliitwa Kavirondo, ya kaskazini, ya kati na ya kusini, baadaye ikageuka Nyanza. Makao ya ile ya kaskazini yalikuwa Mumias kabla ya kuhamia Kakamega 1920. Na kabla ya 1902 hapa kwetu hapakuwa hata Kenya, tulihesabiwa mkoa wa mashariki wa Uganda, kwa hivyo kama unatafuta ya miaka hiyo usikate tamaa Nairobi wakikwambia hakuna, angalia upande wa Uganda na Uingereza. Mimi nilikuwa nimetafuta neno Nyanza pekee, siku nzima, nikarudi mikono mitupu.

Mwezi uliofuata walisema kila mtu alete kitu cha zamani cha nyumbani. Mzee mmoja akaja na mkebe wa Kimbo, ndani amefunga kitambaa, ndani ya kitambaa kuna kipande cha babake, kile kitambulisho cha kazi cha wakati wa mkoloni. Nilikuwa nimesoma kuhusu kipande shuleni lakini sikuwahi kukishika. Ni kijibweta cha chuma kidogo kuliko simu, kina kitundu cha kamba ya kuvaa shingoni, kimepata kutu pembeni, na ndani kuna karatasi imekunjwa mpaka mikunjo imekatika. Sheria yake ilikuwa ya 1915, ikaanza kushika vizuri baada ya vita, mwanaume yeyote Mwafrika wa miaka 16 kwenda juu lazima atembee nacho. Ile karatasi ina alama za vidole, jina la mwajiri, mshahara, siku alianza kazi na siku aliachishwa, na sahihi ya mzungu. Kwa ile ya mzee kulikuwa na mwajiri wa Njoro mara mbili. Mzee akasema ndio maana kuna watu Nakuru wanatumia jina letu na tulikuwa tunawaita matapeli. Ameshawapata, wamekutana, ni watoto wa ndugu.

Lakini hapo ndio mimi nilianza kusumbuka. Kipande ni cha wanaume. Kodi ya nyumba alilipa mwanaume, mke akahesabiwa kama nyumba. Orodha ya wapagazi, wanaume. Na ile fomu ya grupu yenyewe, ile wanatoa fotokopi, ilikuwa na nafasi ya baba, babu, babu ya babu mpaka vizazi saba, halafu pembeni kasanduku kadogo kameandikwa "mke". Upande wetu wa baba huyo mke ukiuliza anaitwa nani utaambiwa Nyar Ugenya, yaani binti wa Ugenya, ametoka huko akaolewa huku na jina lake likabaki mlangoni. Nyanya ya baba yangu ndivyo alivyojulikana maisha yake yote. Sasa fomu ya watu wanaofundisha historia ya familia nayo inamfanyia vilevile? Tulisema, mimi na akina mama wengine wanne, na majibu ya kwanza yalikuwa kwamba ndivyo desturi ilivyo. Hiyo ndio nusu nyota nyingine nimetoa. Ilichukua miezi miwili ya kusema. Nawashukuru kwamba mwishowe waliibadilisha, sasa fomu mpya ina mama na mama yake mama mstari mzima, na yule mwalimu aliongeza jambo ambalo lilinifungua macho, kwamba Nyar Ugenya sio kufutwa tu, ni anwani. Umeambiwa ametoka wapi. Fuata.

Nilifuata. Alinielekeza kwa vitu viwili. Cha kwanza ni vijitabu vya mazishi, vile tunapewa matangani tukishafika nyumbani tunafunikia sufuria, mle ndani kuna wazazi, ndugu, walioolewa wapi, watoto kwa mpangilio. Grupu ina katoni nzima wanaviskani. Nilipata cha binamu ya babu wa 1998 kimetaja wajomba zake kwa majina na kijiji chao Ugenya. Cha pili ni rejesta za ubatizo. Wamisionari walianza huku mapema, Friends (Wakweka) Kaimosi 1902, Mill Hill (Wakatoliki) Kisumu 1903, CMS (Waanglikana) Maseno 1906, na kanisani mwanamke anaandikwa kwa jina lake mwenyewe, na la baba yake, hata kama ni mtu mzima amebatizwa akiwa na watoto.

Parokia niliyoenda siitaji. Safari ya kwanza mwenye ufunguo hakuwepo, ya pili nikaambiwa nilete barua ya parokia yangu, ya tatu katekista mmoja mzee akanionea huruma akaleta kitabu chenyewe, kimefungwa kamba ya katani, kurasa zina madoa ya chai ama maji sijui, maandishi ya Kilatini yamelala upande. Kwa grupu tulikuwa tumefunzwa maneno machache, filia ni binti wa, na kwamba ukingoni mwa ukurasa ndio wanaandika ndoa. Nilikaa na hicho kitabu kutoka saa tatu mpaka saa nane. Grupu pia ina sheria moja ambayo naiheshimu sana, unaandika kwa penseli mpaka vitu vitatu vikubaliane ndio unaweka wino. Nilipata mwanamke wa kile kijiji cha kijitabu. Baba yake ana jina la mmoja wa wale wajomba, sisi huku huwa tunarudia. Na pale ukingoni, ndoa, na jina la babu ya baba yangu, na la kijiji chetu. Vitatu. Ubatizo ni wa 1936. Mbele ya hayo yote, jina alilobatizwa nalo na jina lake la kuzaliwa.

Kabla hamjaenda, mambo machache. Wanasema saa nne lakini wanaanza saa tano kasoro, beba kitabu cha kusoma. Grupu yao ya WhatsApp weka kimya, ina siasa na maombi ya kutuma kwa watu kumi. Kama unaenda kutafuta ushahidi wa kesi ya shamba watakwambia hapana mlangoni kabisa, na naona wanafanya vizuri, wakiruhusu hiyo wazee wataacha kuongea. Nenda na penseli, simu yenye nafasi ya kurekodi, na kama mko na mzee nyumbani mrekodi wiki hii hii, usingoje somo, picha na nyaraka zitangoja.

Nilipompelekea baba lile jina alikuwa kwa kiti chake nje, anasikiliza redio. Nikamsomea. Alizima redio, akaniambia nisome tena, nikasoma tena, halafu akamwita dada yangu kwa sauti kubwa atoke jikoni, akamwita kwa lile jina lake la mvua, mara mbili, na mara ya pili hakuwa anamwita yeye.