Pua imenyooka, ila dirisha la malipo bado limepinda

Kiwiko cha beki kwenye ndondo, mpira wa mtaani, Mbagala, mwaka 2009, ndicho kilichonipindisha ukuta wa katikati ya pua. Tangu hapo tundu la kushoto likawa pambo tu. Nikikoroma mke wangu anahamia kwa watoto. Miaka yote hiyo nilijidanganya na matone ya duka la dawa, kumbe ukiyazidisha siku yenyewe ndiyo yanavimbisha pua.

Mwezi uliopita nikapasuliwa, hospitali moja binafsi hapa Dar. Sitaji jina, maana bado tunavutana. Daktari nampa nyota tano. Alichukua karatasi akanichorea gegedu la ukuta wa pua lilivyolalia kushoto, akaniambia kabisa: tunapitia ndani ya tundu, kovu usoni hakuna, sura ni ileile, na mafua ya mzio hayaponi kwa kisu. Nikachomwa nusu kaputi, nilipozinduka kazi imeisha.

Maumivu si ya kutisha, Panadol ilitosha. Mtihani ni vile vibao laini vya silikoni wanavyokushonea ndani kwa uzi. Wiki nzima unapumulia mdomo, na wali wa nazi unautafuna kama karatasi. Kupenga marufuku, chafya unapiga mdomo wazi, unalala kichwa juu ya mito mitatu, kuinama hapana. Nilisali nimekaa kitini. Haya yote niliyasoma kwenye karatasi ya Kiingereza niliyopewa wakati natoka, macho bado mazito. Manesi wangu, semeni mapema, mtu akanunue mito!

Siku ya kuvitoa vile vibao, daktari alikata uzi, akavuta. Kidude kirefu kama kidole, kimejaa damu nyeusi. Machozi yalinitoka yenyewe. Halafu hewa ikapita kushoto, ya baridi, nikashtuka kama nimemwagiwa maji.

Dirisha la malipo nyota moja, na hiyo ni huruma. Kibali cha bima nilishaambiwa kipo. Siku ya kutoka, eti hakionekani kwenye mfumo. Saa nne nimekaa kwenye benchi na pamba puani. Chupa ya maji chumvi ya kuoshea pua wameniandikia mara mbili, na hadi leo hela sijarudishiwa.

Wiki ya tano sasa, maganda bado yanatoka kidogo. Mke amerudi chumbani. Usiku wa kwanza aliniamsha mara mbili kuangalia kama niko hai.