Ushauri wa Kisheria kwa Wamiliki wa Fleti Mwanza: Tathmini ya Huduma Tuliyopata Kabla ya Kuimarisha Jengo Letu

Sisi wamiliki wa fleti katika jengo moja la ghorofa nne katikati ya Jiji la Mwanza tulikubaliana kutafuta ushauri wa kisheria kabla ya kumwita mkandarasi yeyote wa kuliimarisha jengo letu dhidi ya matetemeko ya ardhi, na tathmini hii inahusu huduma tuliyopewa na ofisi moja ya mawakili ya hapa mjini. Ni huduma nzuri, nami naipendekeza kwa wenye majengo ya aina yetu, ingawa upande wa maandishi ina kasoro ambayo haikupaswa kuwapo.

Huenda wapo watakaouliza kwa nini watu wa Mwanza wahangaike na matetemeko. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliupiga Mkoa wa Kagera, likaua watu zaidi ya 15, likajeruhi mamia, na shule za sekondari za Ihungo na Nyakato zikalazimika kufungwa kwa sababu ya uharibifu wa majengo. Mtikisiko ule ulifika mpaka upande wetu wa ziwa. Ziwa Victoria limelala kati ya matawi mawili ya Bonde la Ufa, kwa hiyo jambo hili haliwezi kuhesabiwa kuwa la Bukoba peke yake. Isitoshe, majengo mengi ya mjini kwetu yana udhaifu unaofanana: ghorofa ya chini imefunguliwa iwe fremu za biashara, kuta zimepunguzwa ili milango ya maduka iwe mipana, huku ghorofa za juu zikiwa zimejaa kuta za matofali. Ardhi ikisukuma jengo kwa ubavu, mzigo wote huelekea kwenye zile nguzo chache za chini, na hapo ndipo jengo huanza kulegea.

Nilichokipenda tangu kikao cha kwanza ni kwamba wakili hakuanza na nyufa. Aliomba hati ya ardhi, mpango wa jengo uliosajiliwa na kumbukumbu za mikutano yetu, akazisoma mbele yetu, kisha akaeleza kwa utulivu mambo ambayo wengi wetu tulikuwa hatujawahi kuyasikia yakipangwa namna ile. Kwa mujibu wa Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008, kila mmoja wetu ana hati ya sehemu yake mwenyewe, na papo hapo ana fungu katika mali ya pamoja. Msingi, nguzo, boriti, ngazi na paa vinaangukia huko, chini ya usimamizi wa chama cha wamiliki. Matokeo yake ni kwamba mwenye fleti mmoja hawezi kusaini mkataba wa kuimarisha nguzo kwa jina lake, hata akiwa na fedha zote mkononi, wala mwenye fleti mwingine hawezi kuukataa mradi peke yake kwa madai kwamba nguzo ile imepita sebuleni kwake. Mkataba husainiwa na chama, baada ya azimio la mkutano ulioitishwa kwa taarifa ya maandishi na wenye akidi, na malipo kwa mkandarasi hutolewa kwa awamu, kila awamu ikithibitishwa na mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Alisisitiza pia kwamba kibali cha Halmashauri ya Jiji kinahitajika hata kama jengo haliongezwi hata chumba kimoja.

Baada ya maelezo hayo aliteremka nasi mpaka chini, jambo ambalo sikulitarajia kwa mtu wa sheria. Katika fremu ya pembeni, nyuma ya rafu za bidhaa, plasta ya nguzo moja imebanduka kwa urefu wa mkono, na nondo zinaonekana zimeota kutu hadi zimeanza kuchanika magamba. Mmiliki wa fremu hiyo, mzee tunayemheshimu sote, alikuwa na mpango wa kuuvunja ukuta uliounganishwa na nguzo hiyo ili apate duka moja kubwa. Wakili akamwambia, “Mzee wangu, duka ni lako, hilo halina ubishi. Lakini ukuta huu na nguzo hii vimebeba vyumba vya wenzako wote walio juu, na wana haki ya kutegemezwa.” Mzee akauliza kama angekatazwa hata kupiga rangi. Akajibiwa kwamba rangi, vigae na rafu ni hiari yake, ila kugusa kinachobeba mzigo kunahitaji ripoti ya mhandisi na ridhaa ya chama. Mzee aliridhika, na mpango ule aliuacha papo hapo. Kwa wanaokumbuka jengo lililoporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024, ingawa halikuangushwa na tetemeko, mazungumzo hayo peke yake yalitosha kulipia ada.

Mambo mengine mawili yalinifungua macho. Kwanza, fleti zetu zimesimama juu ya hati ya ardhi yenye muda maalumu, na nchini kwetu hati hizo hazizidi miaka 99. Hivyo kabla ya kutumia mamilioni kwenye msingi ni lazima kujua imebaki miaka mingapi na kuanza mapema utaratibu wa kuihuisha. Pili, wenye fleti wawili wamefariki na mirathi haijafunguliwa. Watoto wao huja mikutanoni, huchangia hoja, hata hulipa ada ya matunzo, lakini kura yao inaweza kupingwa mpaka mahakama imteue msimamizi wa mirathi. Na kwa anayetaka kuweka fleti ya familia rehani ili apate mchango wake, benki itadai ridhaa ya mwenzi wake wa ndoa.

Wakili alitutolea mfano wa Japani, ambako wamiliki wa fleti wamepambana na maswali haya kwa muda mrefu. Tetemeko la Kobe la tarehe 17 Januari 1995 liliua watu zaidi ya 6,400, na majengo yaliyojengwa kabla ya viwango vipya vya mwaka 1981 ndiyo yaliyoumia zaidi. Baadaye baadhi ya majengo ya pamoja yalikwama kwa miaka kwa sababu wenyewe waligawanyika kati ya kukarabati na kujenga upya. Kujenga upya kulihitaji kura za wamiliki wanne kati ya watano. Mwaka 2013 sheria yao ya kuimarisha majengo ilirekebishwa, na jengo likithibitishwa na mamlaka kuwa halina uimara wa kutosha, wingi wa kawaida wa kura ukatosha kuliimarisha. Natamani wabunge wetu wautazame mfano huo kwa makini.

Sasa kasoro. Rasimu ya azimio na ya mkataba zililetwa kwa Kiingereza, wakati nusu ya wamiliki ni wazee wasioisoma lugha hiyo, na tangu mwaka 2021 Kiswahili kimetambuliwa kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Tulilazimika kuziomba upya, na toleo la Kiswahili lilichelewa hata mkutano ukaahirishwa. Mtu hawezi kuombwa kupiga kura juu ya nguzo za nyumba yake kwa karatasi asiyoielewa. Tena, kwenye mgawanyo wa gharama walisema tu kwamba kila mmoja achangie kwa kadiri ya fungu lake katika mali ya pamoja, bila kutusaidia kuandika utaratibu wa asiyeweza kulipa kwa mkupuo. Kifungu hicho tulikitunga wenyewe.

Ada ilikuwa shilingi 900,000 kwa jengo zima, na kwa kuwa ni ya ushauri na si ya ujenzi tuliigawana sawa, shilingi 75,000 kwa kila fleti, ikijumuisha ile ziara ya kukagua jengo. Wenye jengo ambalo bado halina chama cha wamiliki kinachofanya kazi watatozwa zaidi, kwa sababu kazi huanzia hapo, na ni vyema waombe tangu siku ya kwanza, kwa maandishi, kwamba nyaraka zote zitolewe kwa Kiswahili.