Soksi, mkeka wa umeme na mabuti ya hewa: uzoefu wangu na miguu inayovimba

Nashona nguo hapa Nakuru, mwaka wa 19 sasa. Miaka 16 ya kwanza nilitumia cherehani ya kukanyaga, na miguu haikunisumbua hata siku moja. Kisha nikahamia cherehani ya mota, ile ya kukanyaga nikaiweka kando. Kazi ikaenda mbio, hasa Januari wazazi wanapofuata yunifomu, lakini baada ya miezi michache kila jioni nilikuwa nikivua soksi nakuta alama imezama kwenye nyama. Viatu vya asubuhi vilinikataa saa kumi na moja. Mishipa ilijitokeza nyuma ya goti la kushoto, na usiku shavu la mguu lilikaza hadi nikaamka.

Nimejaribu vifaa vitatu kwa mwaka mmoja na nusu, vyote kwa pesa yangu.

Cha kwanza ni mkeka wa umeme, shilingi 2,500 kutoka duka la mtandaoni. Unaukanyaga miguu mitupu, unaongeza nguvu kidogo kidogo, na umeme mdogo unayashtua misuli ya wayo na ya shavu la mguu mpaka yajikaze na kulegea yenyewe. Ngozi ikiwa kavu, kama ilivyo kwa wengi wetu kwenye baridi ya Julai, unachoma kama sindano. Nilijifunza kupaka losheni kwanza, ukatulia. Nusu saa jioni, miguu ilikuwa myepesi kweli. Ila wepesi huo haukufika asubuhi ya pili, na uvimbe ulirudi palepale nikiketi kazini.

Kilichonitisha hakikunipata mimi. Mama mkwe alikuja kutoka Molo, ana kisukari cha miaka mingi. Alipanda kwenye mkeka nikiwa jikoni, na niliporudi alikuwa ameupandisha hadi juu kabisa, ametulia tu. Mimi pale nisingevumilia hata sekunde moja. Nyayo zake hazina hisia. Karatasi iliyokuja na mkeka ilisema wazi kwamba mwenye kifaa cha moyo kifuani, mjamzito, na mwenye damu iliyoganda mguuni wasiutumie. Muuzaji aliyeniandikia sifa zake zote hakugusia hata moja kati ya hayo. Ningekuomba usimpe mzazi wako kifaa chochote cha umeme au cha joto kabla ya kuigusa miguu yake na kumuuliza kama anahisi.

Nilimpeleka kliniki. Muuguzi alimpima presha kwenye kifundo cha mguu kwa kifaa kidogo cha kusikiliza damu, akaigawa kwa presha ya mkono. Jibu likiwa chini ya 0.9, mishipa inayopeleka damu mguuni imeanza kuziba. Likishuka chini ya 0.5, soksi za kubana ni hatari kabisa. Mama alipata 0.7, na muuguzi akaongeza kuwa kwa wagonjwa wa kisukari namba hiyo huweza kudanganya kwa kuonekana nzuri kuliko hali yenyewe, kwa sababu mishipa imekuwa migumu. Akamwambia asibane mguu kwa chochote mpaka amwone daktari wa mishipa.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba ugonjwa wake na wangu ni vitu viwili. Kwake damu haishuki vizuri. Kwangu inashuka, ila haipandi. Mishipa ya kurudisha damu ina vilango vidogo vya kuizuia isishuke tena, na shavu la mguu ndilo pampu yake. Vilango vikilegea na pampu ikilala, maji yanatuama kwenye kifundo.

Mabuti ya hewa nilinunua kwa 14,000. Yanajaa kuanzia wayo, kisha kifundo, kisha shavu, yanakukamua kuelekea juu. Hospitalini hutumia mashine za namna hii kwa waliopasuliwa wasioweza kutembea, damu isije ikaganda. Kwa raha hakuna kinachoyashinda. Lakini yanakufunga kitini, yanataka stima, na fundi mwenye oda hana dakika 30 mchana, wakati ambao mguu unavimba. Nayatumia Jumapili tu.

Angalizo moja, na halina mjadala: mguu mmoja ukivimba ghafla, ukawa moto na unauma, usiukamue, usiukande, usiuvalishe soksi ya kubana. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Soksi za kubana zimenisaidia kuliko vyote, ingawa jozi ya kwanza ilikuwa hasara. Kemisti mmoja aliniuliza namba ya kiatu, akanipa. Zilijikunja chini ya goti na kunikata kama kamba. Mimi mwenye tepu shingoni siku nzima nilipaswa kujua: soksi hizi hupimwa kama suti. Unapima kifundo pale palipo pembamba, shavu pale palipo panene, na urefu kutoka sakafuni hadi chini ya goti, asubuhi kabla mguu haujavimba. Baada ya kupimwa kliniki nilinunua zenye nguvu ya kubana ya milimita 20 hadi 30 za zebaki, kipimo kilekile cha presha, kwa shilingi 3,200. Nazivaa kabla sijashuka kitandani, nikiwa na glavu za mpira za kuoshea vyombo, maana bila hizo vidole vinateleza na kucha zinatoboa. Naziosha kwa mkono, maji ya vuguvugu, nazianika kivulini.

Muuguzi aliniuliza kazini miguu yangu hufanya nini. Nikamwonyesha: mmoja umetulia, mwingine unagusa pedali ya mota kwa vidole. Halafu nikamwonyesha nilivyokuwa nikikanyaga zamani, kisigino chini, vidole chini, kisigino chini, saa nane kwa siku. Akasema mazoezi anayowapa wagonjwa wake ni hayohayo.

Nimenunua mkanda mpya na kuirudisha ile cherehani ya zamani. Pindo na vifungo vya mashati nafanya kwa kukanyaga, mota naiachia mashono marefu. Viatu vya asubuhi sasa navirudi navyo nyumbani. Soksi zimeanza kulegea kwenye kifundo baada ya miezi sita, kwa hiyo Desemba nitanunua jozi nyingine, kabla ya yunifomu.