Tathmini: programu inayoigiza kazi ya kalsiamu katika seli za retina

Programu ninayoitathmini hapa huigiza seli fimbo moja, yaani seli ya kupokea mwanga hafifu iliyo katika retina ya jicho, kwenye skrini ya kompyuta, nayo imekusudiwa wanafunzi wa fiziolojia ambao tayari wanajua habari za ioni na utando wa seli. Nimeitumia kwa majuma matatu, kwanza nikijifunza mwenyewe na baadaye nikifundishia, na kilichonifanya niiandikie ni kitufe kimoja kilichojificha chini ya skrini, ambacho kazi yake ni kukizuia kiwango cha kalsiamu ndani ya seli kisibadilike.

Ukiifungua programu, unaikuta seli ikiwa gizani. Hapa watengenezaji hawakuwa na haraka, na wamefanya vyema, kwa sababu mgeni wa somo hili hudhani kwamba seli ya kupokea mwanga hutulia gizani na kuamka taa iwakapo, ilhali mambo ni kinyume: ni gizani ambapo molekuli za saikliki-GMP huishikilia wazi milango ya ioni, sodiamu na kalsiamu zikaingia mfululizo, na volteji ya utando ikabaki karibu na milivolti 40 chini ya sifuri. Kalsiamu hiyo hutolewa nje na protini ya kubadilishana ioni, ambayo kila mara huingiza ioni 4 za sodiamu na kutoa ioni 1 ya kalsiamu pamoja na 1 ya potasiamu. Mwanga ukiigonga rodopsini, molekuli ya seli inayonasa mwanga, protini iitwayo transdusini huamshwa, nayo huamsha fosfodiesterasi, kimeng'enya kinachoivunja saikliki-GMP, na milango hufungwa. Mchoro unaonyesha waziwazi jambo ambalo wanafunzi wangu hulisoma bila kuliona: kalsiamu imezuiwa kuingia, lakini haijazuiwa kutoka, kwa hiyo kiwango chake hakina budi kushuka.

Sasa tuje kwenye kitufe. Niliwasha mwanga hafifu usiozimika; mstari wa grafu ya volteji ukashuka kwa kasi, ukafika chini, kisha ukaanza kupanda taratibu na kutulia katikati, ingawa mwanga ulikuwa uleule. Nilipoongeza mmweko mfupi juu ya mwanga huo, seli iliitikia tena, kwa kipimo kidogo na kwa haraka zaidi kuliko ilivyofanya gizani. Nikarudia jaribio lilelile baada ya kubonyeza kitufe. Safari hii mstari ulishuka na kuganda chini kabisa, na mmweko wa pili haukuutikisa, kwa kuwa hapakuwa na mlango uliobaki wazi wa kufungwa. Hilo ndilo walilolithibitisha mwaka 1988 watafiti Matthews na wenzake, na Nakatani na Yau katika kazi nyingine, walipoiondoa sodiamu na kuipunguza mno kalsiamu katika kimiminika kilichoizunguka seli, ili kalsiamu isiingie wala isitoke. Mwanafunzi anayetumia dakika 5 kwenye kitufe hiki hahitaji tena kuambiwa kwamba kushuka kwa kalsiamu ndiko kunakoiwezesha seli kuuzoea mwanga.

Ukurasa unaoeleza namna kalsiamu inavyofanya kazi hiyo haukuniridhisha kwa kiwango kile. Umechora mishale mitatu yenye unene mmoja: mmoja kwa protini za GCAP, ambazo kalsiamu ikipungua hukihimiza kimeng'enya cha guanilati saiklasi kitengeneze saikliki-GMP mpya, wa pili kwa protini ya rekoverini, ambayo hukiachia huru kinasi ya rodopsini, kimeng'enya kinachoizima rodopsini, ili rodopsini iliyoamshwa izimwe mapema, na wa tatu kwa protini ya kalmodulini, ambayo hujitenga na milango na kuifanya ifunguke hata kwa saikliki-GMP kidogo. Yote ni kweli, lakini katika seli fimbo njia ya kwanza ndiyo yenye nguvu zaidi, na mchoro unaoipa hadhi sawa na ile ya kalmodulini unampotosha msomaji pasipo kusema uongo wowote.

Kosa halisi liko katika ukurasa wa mwisho, unaodai kwamba mtu akitoka kwenye jua kali na kuingia chumba chenye giza huchelewa kuona kwa sababu kalsiamu inajaa polepole. Sivyo. Milango ikifunguka, kalsiamu hurejea katika muda unaohesabiwa kwa sekunde, lakini seli fimbo zilizopigwa na mwanga mkali huhitaji dakika 30 au zaidi kurudia wepesi wake wote, kwa kuwa rodopsini iliyopauka, yaani iliyoharibiwa na mwanga, haina budi kutengenezwa upya kwa retinali, sehemu yake inayonasa mwanga, inayopitia kwanza katika tabaka la seli zilizo nyuma ya retina. Kuzoea mwanga na kuzoea giza ni mambo mawili tofauti, na programu iliyoeleza la kwanza kwa ustadi namna ile haikupaswa kuteleza hapa. Ninapofundisha, ukurasa huo siufungui.

Pengo jingine ni la kihistoria. Katika miaka ya 1970 wengi waliiamini dhana kwamba mwanga huiongeza kalsiamu ndani ya seli, na kwamba kalsiamu yenyewe ndiyo huifunga milango. Dhana hiyo ilidumu hadi mwaka 1985, Fesenko na wenzake walipoonyesha kwamba saikliki-GMP huifungua milango moja kwa moja, na Yau na Nakatani wakaonyesha kwamba mwanga huishusha kalsiamu. Kisa hiki kingefaa sana kuwekwa karibu na kile kitufe, lakini hakikutajwa.

Kwa mengineyo, programu ni nyepesi, haihitaji intaneti, na grafu zake huhifadhika kwa urahisi. Seli koni, aina nyingine ya seli za kupokea mwanga, zimetajwa kwa aya moja tu, nazo ndizo zinazoendelea kufanya kazi katika mwanga ambao seli fimbo huishiwa nguvu. Anayezihitaji itambidi atafute chombo kingine.